MAJINA YA MAJOKA: namna ya kulibatiza joka lako kwa Kiswahili bila kuchekwa mezani

Siku hizi naulizwa sana swali moja: "Kaka, nipe jina la joka, kampeni inaanza Jumamosi." Badala ya kugawa jina moja moja kama peremende, nimeona niweke mambo yote hapa. Soma, kopi, bandika kwenye flashi yako. Kama umebakiwa na dakika kumi za kafe, ruka hadi sehemu ya 7, huko kuna orodha. Wenye saa nzima twende pamoja.

1. KWA WALE WAGENI

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa kundi. Mmoja ni mwendesha mchezo, yeye anasimulia dunia na maadui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mpiga upinde, mganga, mwizi, askari. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu ya pande 20, namba inaamua. Hadithi ikiendelea kwa wiki au miezi inaitwa kampeni.

Msiseme ni mchezo wa wenye hela. Mwaka 2023 kampuni ya Wizards of the Coast iliziachia kanuni za msingi kwa leseni huria, unapakua bure. Dadu nazo sio lazima. Kijiweni kwetu tuna vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kopo la maziwa, tunachanganya, tunachomoa, tunarudisha. Mambo yanaenda.

Sasa shikeni hili moja: mezani hakuna skrini. Hakuna picha ya joka wala muziki wa kutisha. Kinachofika masikioni mwa mchezaji ni neno tu. Ndio maana jina ni nusu ya joka lenyewe.

2. TATIZO LIKO WAPI

Vijana wengi wanaingia kwenye tovuti inayotunga majina, wanabofya, wanapata kitu kama Xyr'thaax. Kwenye karatasi linapendeza kweli. Niliwahi kualikwa kwenye meza moja yenye joka la jina la namna hiyo. Huyu analiita Sirisaksi, yule Zaitaki, mwingine kaamua kusema "yule wa eksi". Hadi saa mbili usiku joka limechoma vijiji vitatu, na bado watu wanaulizana, "Hivi huyo ndo nani tena?" Kitu usichoweza kukitamka huwezi kukiogopa.

Halafu kuna wale wanaosema, "Joka la Kiswahili halitishi, linaonekana la katuni." Hao ndio hasa nataka kubishana nao leo. Nasema hivi: majoka yenye majina makali duniani yalipewa majina na watu waliochimba kwenye lugha zao wenyewe. Sisi tunakopi majina, wakati tulitakiwa tukopi njia.

3. WENZETU WALIFANYAJE

Smaug. Ni joka la kitabu cha The Hobbit (1937) cha J.R.R. Tolkien. Huyu mzee alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford. Katika barua ya mwaka 1938 alieleza kwamba jina hilo limetokana na kitenzi cha kale cha Kigermaniki, smugan, maana yake kujipenyeza kwenye tundu. Yaani mbwembwe zote zile, kumbe jina ni "Kajipenyeza"! Joka lake jingine, Scatha, ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mdhuru. Chrysophylax, wa mwaka 1949, ni Kigiriki: mlinzi wa dhahabu.

Tiamat. Malkia wa majoka mwenye vichwa vitano kwenye D&D. Jina wamelitoa Babeli, kwenye utenzi wa uumbaji uitwao Enuma Elish, ambamo Tiamat ni bahari ya chumvi anayepigana na mungu Marduk. Vichwa vitano wameongeza wenye mchezo.

Bahamut. Mfalme wa majoka mema. Katika maandishi ya Kiarabu ya zamani Bahamut ni samaki mkubwa kupita kiasi anayebeba dunia. Samaki! Wamarekani wakamchukua, wakamfanya joka.

Alduin, Paarthurnax, Odahviing. Hawa ni wa gemu ya Skyrim (2011). Kila jina ni maneno matatu ya lugha ya majoka yaliyounganishwa. Odahviing ni theluji, mwindaji, bawa. Ukitamka jina lake kwa nguvu, anasikia unamwita.

Drogon, Rhaegal, Viserion. Wa George R.R. Martin. Daenerys aliwapa majina kwa kumbukumbu ya mume wake Drogo na kaka zake Rhaegar na Viserys. Majina yanabeba msiba wa familia.

Mmeona? Hakuna aliyebofya kitufe. Kila jina lina maana kwa mtu fulani. Hata neno "dragon" lenyewe limetoka kwa Wagiriki, drakon, na lilikuwa na maana ya nyoka. Sisi tukachukua nyoka, tukamkuza, tukapata joka. Biblia ya Kiswahili nayo imetumia neno hilohilo katika Ufunuo sura ya 12. Hatuanzi sifuri, jamani.

4. SWALI LA KWANZA: NANI KALIPA JINA?

Kabla hujatafuta herufi, jiulize nani analiita hivyo. Mimi huwa naandaa majina matatu kwa kila joka kubwa.

(a) Jina la wanaoliogopa. Wanakijiji hawalitaji ovyo. Nimekua nikisikia wazee wakisema usiku nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba, asije akasikia. Na Warusi dubu wanamwita medved, maana yake mla asali, kwa sababu ya woga huohuo wa zamani. Kwa hiyo kijijini joka litaitwa Babu, Mwenye Mlima, Mgeni, Yule wa Juu. Mchezaji akisikia mama mmoja anasema "Babu hajala wiki hii", nywele zitamsimama kabla hajajua Babu ni nani.

(b) Jina la wanaopigana nalo. Hili ni la askari na wafanyabiashara, la sifa au la matusi. Humo ndimo utatumia ile methali ya joka la mdimu, linalolinda watundao. Ndimu lenyewe halili, ila anayekuja kuchuma anakutana nalo. Hebu niambieni, Smaug aliyelala juu ya dhahabu asiyoitumia ana tofauti gani na joka la mdimu? Wahenga walishamaliza kazi.

(c) Jina lake lenyewe. La siri, la lugha yake, na lina nguvu. Katika kitabu cha A Wizard of Earthsea (1968) cha Ursula K. Le Guin, kijana Ged anasoma historia za kale na kulikisia jina la joka la Pendor, Yevaud. Kwa jina hilo analibana liape halitavigusa visiwa vya watu. Riwaya za Dragonlance zilizoanza mwaka 1984 nazo zina majoka ya majina mawili: binadamu wanasema Onyx, mwenyewe ni Khisanth, wanasema Ember, mwenyewe ni Pyros.

Faida yake mezani ni kubwa. Jina linakuwa kitu cha kutafuta, kama ufunguo. Wachezaji wanaanza na woga, wanafika kwenye sifa, wanamaliza na siri.

5. VIFAA VYA KISWAHILI

Hapa ndipo penye utamu.

Kwanza, ukubwa. Kiswahili kina mashine ya kukuza vitu. Nyoka inakuwa joka, nyumba jumba, mguu guu, kikapu kapu, kisu jisu. Unaweza kukuza jina pamoja na umri wa joka. Kanuni za D&D za mwaka 2014 zina hatua nne: kinda hadi miaka 5, kijana hadi 100, mzima hadi 800, kisha la kale. Kinda la joka jeupe la barafu liite Kipupwe, kama ule msimu wetu wa baridi. Likikua watu wanadondosha ki-, linakuwa Pupwe. Wajukuu zao wataliita Jipupwe. Jina moja, karne tatu, na hujaeleza kitu.

Pili, Mla na ndugu zake. Chukua kitenzi, bandika nomino: Mlamji, Mvunjangome, Mkaushamito, Mmezamwezi. Wachezaji wanaelewa papo hapo kazi ya huyo jamaa. Angalizo: jina liwe limesemwa na aliyeona. Mkaushamito litoke kwa wavuvi, Mvunjangome kwa maaskari.

Tatu, majina ya kukanusha. Hii ndio silaha yangu. Kwetu mtu anaweza kuitwa Sikudhani au Sikujua, jina ambalo ni sentensi nzima. Sasa geuza: Hashibi, Hapoi, Hazimiki, Hasahau, Haambiliki. Soma Hashibi polepole. Linasikika kama jina la mfalme wa kale wa nchi ya mbali, kumbe ni Kiswahili cha jikoni, mtu asiyeshiba. Kuna pia Halali, yaani asiyelala. Humo mna mchezo wa ziada, maana halali ni kitu kilichoruhusiwa. Hekalu likiandikwa mlangoni HALALI, wachezaji watabishana nusu saa kama ni ruhusa ya kuingia au onyo.

Nne, Kiswahili cha kale na cha pwani ya kaskazini. Tolkien alichimba Kiingereza cha zamani, sisi tuna hazina ya tenzi na lahaja. Kwa Kiamu njaa ni ndaa, vita ni zita, jivu ni ivu. Sikio la mtu wa Dar linahisi neno linafahamika ila limetoka mbali, na hiyo ndiyo hali unayoitaka kwa lugha ya majoka. Unganisha zita, ndaa, ivu, unapata Zitandaivu. Ila kuweni na adabu, Kiamu ni lugha ya watu walio hai, wanaitumia leo sokoni na kwenye mashairi. Mezani msikifanye kichekesho.

Tano, sauti. Mwaka 2018 watafiti wa Japani wakiongozwa na Shigeto Kawahara walipima majina ya Pokémon. Wakakuta majina marefu, na yenye sauti kama b, d, g na z, yanaelekea kuwa ya viumbe wakubwa na wazito. Angalieni na Kiswahili: dubwana, zimwi, jabali, gogo, bonge, dude. Joka zito lipe g, b, d, z. Joka jembamba la kuvizia lipe s, f, h. Joka la meno na makucha lipe k, t, ch.

6. HUYU AU HILI?

Hapa tujidai kidogo. Kwa Kiswahili unaweza kusema "joka huyu amekuja" au "joka hili limekuja". Ya kwanza inalifanya mtu, mwenye akili na makusudi. Ya pili inalifanya dude. Mimi wanakijiji wanaoliogopa huwa nawapa huyu, na askari wenye dharau nawapa hili. Joka lenyewe likisikia askari anasema "hili", litajibu. Na mchezaji akihama kutoka hili kwenda huyu katikati ya mazungumzo, ujue ameanza kulielewa, au ameanza kuliogopa. Huhitaji hata dadu kulijua hilo.

7. ORODHA YA HARAKA

Majoka mabaya ya D&D yanajulikana kwa rangi, mema kwa madini. Chukueni, bure:

- JEUSI (kinamasi, linatema tindikali): Mlawafu, Hanawi.
- BLUU (jangwa, radi): Mwanaradi, Hatangazi. Radi haipigi hodi.
- KIJANI (msitu, hewa ya sumu, uongo mwingi): Ulimi wa Asali, Haaminiki.
- JEKUNDU (milima, moto): Hazimiki, Mchomangome, Hashibi.
- JEUPE (barafu): Kipupwe, Hayeyuki.
- MEMA (dhahabu, fedha, shaba na wenzao): Amana, Hasaliti, Mtunzakiapo.

Ukichukua jina, liongezee la woga na la siri kama nilivyoeleza sehemu ya 4. Jina peke yake bila mtu wa kulitamka ni neno tu.

8. LINAFANYAJE KAZI MEZANI

Mfano wa kwetu. Kampeni iliyopita joka lilikuwa jekundu. Kijijini wanasema Babu. Kambini wanasema Hashibi. Jina la siri, Zitandaivu, nililikata vipande vitatu: zita limechongwa kwenye ngao, ndaa liko kwenye wimbo wa kubembeleza mtoto, ivu kalishika mzee mmoja kipofu ambaye hasemi bure. Wachezaji walikusanya kwa Jumamosi nne.

Dada mmoja anayecheza mganga ndiye aliyeviunganisha. Sikumwambia mpangilio, alijaribu mwenyewe kwenye daftari. Walipofika pangoni, wenzake wanamhimiza alitamke, wamuue, wagawane dhahabu. Shida ni kwamba kanuni yangu ilikuwa jina linafanya kazi mara moja tu. Akiua, dhahabu ni yao, lakini Hashibi ndiye pekee anayejua walipofichwa watoto wa kijiji waliochukuliwa mwaka wa njaa. Akiuliza, joka litajibu kweli, kisha litakuwa huru.

Alikaa kimya, sijui dakika ngapi. Chumba kizima kimya, hata yule jamaa wa kuchekesha. Halafu akainama, akalinong'ona jina badala ya kulipigia kelele, akauliza walipo watoto. Wenzake wawili walikasirika kweli, mmoja alisusa chai. Watoto walipatikana. Hashibi yuko nje hadi leo, na kampeni mpya inaanzia hapo.

Sasa nirudi kwa wale wa "joka la Kiswahili halitishi". Hakuna aliyecheka siku ile. Na jina lenyewe ni njaa, vita na majivu, mambo ambayo kila mtu pale mezani anajua uzito wake.

9. TAHADHARI KABLA HUJALIBATIZA

i. Lipigie kelele. Simama mlangoni, liite kama unamwita kondakta. Kama ulimi unakwama, punguza. Silabi tatu au nne zinatosha kwa jina la kila siku. La siri linaweza kuwa refu.

ii. Lipitishe mtaani. Maneno yana maisha mengine. Domo ni mdomo uliokuzwa, zuri kabisa, ila mtaani domo zege ni jamaa anayeshindwa kutongoza. Buzi ni mbuzi mkubwa, na pia ni bwana anayechunwa hela. Totoro ni giza nene, lakini waliotazama ile katuni ya Kijapani ya mwaka 1988 watamkumbuka yule kiumbe mnene mwenye manyoya. Kicheko kimoja tu, joka limekufa kabla ya vita.

iii. Waulize wa makabila mengine. Neno la kawaida kwako linaweza kuwa tusi kwa Mhaya au Mmakonde. Meza zetu zimechanganyika, kuuliza ni dakika moja.

iv. Usitumie jina la watu. Tindiga ni kinamasi, linafaa sana kwa joka jeusi, sivyo? Lakini Watindiga ni jina ambalo wengine wamewaita Wahadzabe. Majina ya jamii za watu, ya mizimu inayoheshimiwa na ya ibada, yaacheni.

v. Yatofautiane. Hashibi, Hasahau na Hasaliti kwenye kampeni moja ni vurugu. Kila adui mkubwa aanze na herufi yake.

vi. Ukitaka kuchapisha, tumia majina yako. Miaka ya 1970 wachapishaji wa D&D walilazimika kuondoa neno hobbit baada ya wenye haki za kazi za Tolkien kulalamika, ndipo likaja neno halfling. Mezani kwako hakuna atakayekufuata ukisema Smaug. Kwenye kitabu au gemu unayouza, ni kesi.

Basi wadau, hayo ndiyo niliyonayo. Mkiwa na majina ya kwenu, hasa kutoka lahaja au lugha za nyumbani ambazo mimi sizijui, tupieni kwenye maoni hapo chini pamoja na maana yake, na mseme nani anayelitamka: anayeogopa, anayepigana, au joka lenyewe. Ruksa kunikosoa, ila bila matusi.

Nawasilisha.